Kombi ya Baba Mkwe Nusura Ituvunjie Ndoa

Mwezi uliopita tuliongelea wivu. Mwezi huu naomba uniruhusu niongelee gari. Usikunje sura kwanza, wala usigeuze ukurasa. Ni gari lililonifanya nilale chumba cha watoto siku nne mfululizo.

Ilikuwa Ijumaa jioni, niko kwenye foleni ya Tabata, simu ikalia. Ujumbe wa benki. Kwenye akaunti yetu ya pamoja, ile ya kiwanja, zimetoka shilingi 2,600,000. Nilidhani tumeibiwa. Nikampigia mume wangu huku mikono inatetemeka, naye akajibu taratibu kama mtu aliyejiandaa: "Ni mimi, mama. Nitakueleza nyumbani."

Maelezo yenyewe ndiyo yaliyonimaliza. Eti amenunua kombi ya marehemu baba yake, ile iliyolala kule Rugera, Karagwe, nyuma ya nyumba chini ya migomba. Kaka yake mkubwa alimpigia kumwambia kuna mnunuzi wa chuma chakavu amekuja na mizani. Mume wangu akapagawa. Shilingi 1,500,000 akamtumia kaka yake, na zilizobaki akanunulia rangi na matairi. Rangi, jamani! Gari lenyewe hajaliona kwa miaka minne.

"Ni Westfalia orijino," akaniambia. "Wazungu wanazitafuta kwa tochi."

Nikamuuliza nani kasema. Akasema kaka. Na kaka kaambiwa na nani? Kimya.

Ukweli ni kwamba kilichoniuma haikuwa gari. Kiwanja tulikuwa tunakidunduliza miaka mitatu, mimi nikiacha hadi kusuka saluni. Halafu mwenzangu anaamua peke yake, ndani ya dakika tano, kwa simu. Shosti wangu mmoja ofisini akaniambia, "Huyo ana lake jambo, hakuna mtu anayenunua kutu." Nikalala chumba cha watoto.

Siku ya tano nikamwambia: "Desemba tunakwenda Rugera kama kawaida. Kabla hujapaka hata tone moja la rangi, tutajua hilo dude ni nini, ni la nani, na limeoza kiasi gani. Hayo matatu." Akakubali haraka mno, nikajua naye alikuwa halali.

Hilo dude ni nini?

Tukafika. Kombi ipo, imezama kwenye majani mpaka katikati ya matairi, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Mama mkwe alikuwa anaanika maharage ndani kwa vile mvua haiingii. Nikachukua daftari, tochi na kitambaa, nikavaa khanga kuukuu, tukaanza. Kama na wewe kwenu kuna gari la namna hii, hebu fuatilia.

Jambo la kwanza ni sura ya mbele. Volkswagen walianza kutengeneza kombi mwaka 1950, na zile za kwanza zina kioo cha mbele kilichogawanyika mara mbili. Kuanzia Agosti 1967 kikaja kioo kimoja kikubwa kilichopinda. Ya baba mkwe ina kioo kimoja, maana yake ni ya baada ya hapo. Halafu tazama taa za indiketa. Zikiwa chini, karibu na bampa, ni zile za miaka ya mwanzo ya aina hiyo. Zikiwa juu, pembeni ya matundu ya hewa, ni za baadaye. Zetu zilikuwa chini.

Jambo la pili ni namba ya chasisi. Usiangalie kwenye kadi tu, kadi inaweza kukosewa. Fungua buti ya injini nyuma, futa vumbi na grisi upande wa kulia, utakuta namba imegongwa kwenye bati. Yetu ilianza na 2312. Tarakimu mbili za kwanza, 23, ni aina ya bodi, yaani kombi. Inayofuata, 1, ni mwaka wa modeli, ambao ni 1971. Na kwa Volkswagen mwaka wa modeli ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo gari lilitoka kiwandani kati ya Agosti 1970 na Julai 1971. Ushahidi ukakubaliana na namba: breki za mbele ni za diski, na rimu zina matundu ya duara, vitu vilivyoingia na modeli ya mwaka huo huo.

Jambo la tatu, na hapa ndipo mume wangu aliponywea, ni nani aliyeligeuza kuwa gari la kulala. Maana Volkswagen alitoa kombi, lakini kitanda, kabati na paa la kuinuka mara nyingi viliwekwa na kampuni nyingine. Westfalia ni ya Ujerumani, na ilianza kazi hiyo mwaka 1951. Uingereza nako walikuwepo wengi: Devon, Danbury, na Martin Walter wa mji wa Folkestone waliotumia jina la Dormobile.

Tukasukuma paa. Likagoma. Mume wangu akapanda juu, akamwagia mafuta kwenye bawaba, tukasubiri, tukasukuma tena. Likafunguka kama mfuniko wa sanduku, likiegemea ubavuni. Ndani yake kuna mabaki ya kitambaa cha mistari myekundu na myeupe, panya wamekila, na vitanda viwili vyembamba kama machela, kimoja kila upande. Paa la kufunguka ubavuni, mistari myekundu na myeupe, machela mbili. Msomaji wangu, hiyo ni Dormobile, wala si Westfalia.

"Kwa hiyo nimepigwa?" akauliza.

Nikamwambia hajapigwa kwa jina, kapigwa kwa haraka. Dormobile nayo ina heshima zake. Paa hilo hilo walikuwa wanalifunga hadi kwenye Land Rover, na watu wamevuka nalo bara zima la Afrika. Ila kama ungemuuzia mgeni kwa jina la Westfalia, ungekuwa umemdanganya, na kama ungeagiza vipuri vya Westfalia, hata komeo moja lisingeingia.

Ni la nani?

Jioni tukakaa na mama mkwe nje, ndizi zimeiva, kahawa ya kutafuna iko mezani. Nikamuuliza kwa adabu, "Mama, hili gari baba alilipataje?"

Akacheka. Akasema lilikuwa la mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao mwaka 1975, baba akalilipia kwa misimu miwili ya kahawa. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wa ng'ambo ya mto walikimbia na watoto na godoro. Familia mbili zililala humo ndani, watoto wakigombea machela za juu. "Mimi nilikuwa napika kwa ajili yao," akasema. "Hilo gari si la mtu mmoja."

Hapo ndipo nikaona uso wa shemeji unabadilika.

Kwani nani alimpa ruhusa ya kuuza? Baba mkwe hakuacha wosia, na mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Kisheria, mali ya marehemu haina muuzaji mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa hana mamlaka hayo kwa kuwa mkubwa tu. Wapo dada zao wawili, mmoja ameolewa Kyerwa, hata hawakupigiwa simu. Mume wangu alikuwa amelipa pesa yetu ya kiwanja kwa mtu asiye na haki ya kuipokea.

Nilitamani kusema "si nilikwambia?" Nikaimeza pamoja na kahawa. Kuna wakati ndoa inataka unyamaze, hasa mbele za mama yake.

Kikao kikaitwa siku ya pili ya Krismasi. Dada wa Kyerwa akaja na bodaboda, kanuna kwelikweli. Ile 1,500,000 shemeji alikwishalipia ada za watoto, hairudi leo wala kesho. Wakakubaliana ihesabiwe kama sehemu ya fungu lake, na mama awe msimamizi. Wakaandika muhtasari, wote wakatia saini, na Januari mama akaupeleka Mahakama ya Mwanzo. Alipoteuliwa ndipo ikawezekana kwenda TRA kuhamisha kadi ya gari kihalali. Bahati nzuri ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, vinginevyo deni la gari lililolala lingetutoa roho.

Limeoza kiasi gani?

Tulimpata fundi Omurushaka, mzee aliyejifunza kazi kwenye kombi hizo hizo ujanani. Alipoona makopo ya rangi akacheka. "Weka kando," akasema. Akachukua bisibisi akaanza kugonga bodi kidogo kidogo, kama daktari anayegonga kifua. Palipolia "ko" ni pazima. Palipozama ni kutu. Chini ya milango palizama. Chini ya betri palizama kabisa, unaona ardhi. Kwenye kingo za kioo cha mbele palikuwa pamejazwa puti na mtu wa zamani na kupakwa rangi, ukitazama hivi unaona pazima.

"Aliyepaka hapa alificha," fundi akasema. "Kutu ukiifunika haifi. Inakula usiku."

Mimi na mume wangu tukatazamana, hakuna aliyesema kitu.

Mpangilio wake ulikuwa huu, na naushauri kwa yeyote: bodi kwanza, breki pili, mafuta tatu, injini nne, vitanda tano, rangi mwisho. Bati bovu likakatwa mpaka kufikia zima, ndipo likachomelewa jipya. Breki zikafunguliwa zote, mipira yote mipya. Tangi la mafuta likashushwa likasafishwa, na mipira ya petroli ikabadilishwa yote bila kubakiza. Hapo fundi hakutaka mjadala: injini iko nyuma, inachemka, na mpira mkavu ukipasuka juu yake gari zima linawaka. Kombi nyingi duniani zimekufa kwa kifo hicho.

Injini ilikuwa imekwama. Usiilazimishe! Fundi alitoa plagi nne, akamimina mafuta laini kwenye kila silinda, akaacha siku kumi. Siku ya kumi na moja akazungusha kapi kwa mkono, ikasogea robo. Kesho yake ikazunguka yote. Ni injini ndogo ya cc 1600, inapozwa na hewa, haina rejeta wala maji, inakunywa oili lita mbili na nusu tu. Valvu zake zinataka nafasi ya milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Vipuri vingi tulivipata Kampala, soko la Kisekka, kwa kupitia Mutukula. Brazil waliendelea kutengeneza kombi hadi mwaka 2013, na vitu vya injini bado vipo.

Kitambaa cha paa alishona mama mkwe mwenyewe na fundi cherehani wa Kayanga, turubai la mistari myekundu na myeupe. Si orijino, na tunasema hivyo kwa kila anayeuliza.

Na sisi je?

Najua unasubiri hapa. Mume wangu aliniomba msamaha, si kwa kununua gari, bali kwa kunificha. Nilimtaka atofautishe hayo mawili, na ilimchukua muda. Alisema aliogopa ningekataa. Nikamwambia kweli ningekataa, na angekuwa na nafasi ya kunishawishi. Siku ile alinipokonya hata haki ya kubadili mawazo.

Tulikubaliana mambo mawili. Akaunti ya kiwanja haitoki senti bila wote wawili kusema ndiyo. Na ile 2,600,000 anairudisha kutoka mfukoni mwake, laki mbili kila mwezi, miezi 13. Hadi naandika amesharudisha miezi tisa, bado laki nane. Mwezi wa nne alichelewa, akaniambia mapema kabla sijauliza. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko hiyo laki mbili.

Juni iliyopita kombi iliwaka. Ilitoa moshi mweusi, kuku wakakimbia, mama mkwe akapiga vigelegele. Tuliiendesha hadi Kayanga na kurudi, polepole, watoto wanachungulia juu kwenye machela. Inavuja oili kidogo, na mlango wa kuslaidi unataka ubembelezwe. Rangi bado. Yale makopo yapo stoo, hayajafunguliwa.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama mwenzio amekuja na ndoto yake iliyojaa kutu, usimcheke, lakini pia usikubali kupaka rangi. Shikeni tochi wote wawili, mkague kitu chenyewe ni nini, ni cha nani, kimeoza wapi. Ikibidi mgombane, mgombane hapo, mkiwa mmechuchumaa pamoja chini ya gari.

Tukutane mwezi ujao. Kiwanja nacho nitakwambia kimefikia wapi.