Mteja hataki dira yako, anataka bei

Jamani wadau, hizi tovuti za "Karibu kwenye tovuti yetu" tuziache. Seremala wa Magogoni anauza vitanda na makochi. Mnamtengenezea ukurasa wenye dira, dhamira na picha ya Wazungu wakipeana mikono! Bei hakuna. Namba ya simu iko chini kabisa, tena ndani ya picha, haibonyezeki.

Mteja yuko kwenye matatu, daraja la Nyali limejaa, bando linakwisha. Picha moja ya megabaiti 5 ni nzito kuliko maandishi ya tovuti nzima. Atangoja? Anarudi Google, anampigia mwingine.

Juu kabisa weka kazi, mahali na bei. Andika "Magogoni, Kisauni", si "Mombasa" tu. Namba ipewe kiungo cha tel: ikiguswa ipige, na cha wa.me kifungue WhatsApp. Picha ziwe za vitanda alivyochonga mwenyewe. Na ile fomu inayotuma ujumbe kwenye barua pepe ambayo fundi haifungui, ifuteni. (Mnaolipisha kwa kila ukurasa, najua mtanichukia.)

"Lakini bei ya mbao hupanda," mtaniambia. Basi andikeni "kuanzia", na tarehe.