Maneno ya "Kiume" katika Ufundishaji wa Kiingereza

Mwanachuo akiulizwa maana ya "male", "masculine", "manly" na "mannish", aghalabu hujibu kwa neno moja: "-a kiume". Jibu hilo si la uongo, lakini halimtoshi mtu atakayefundisha lugha. Maana ya neno ni jambo moja. Sifa au kashfa iliyofungwa ndani yake ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo tunalolipuuza madarasani.

"Male" hutaja jinsi tu: ya mtu, ya mnyama, hata ya mpapai. "Masculine" huhusu zaidi sauti, mavazi au mwenendo, na pia jinsi za kisarufi katika lugha kama Kifaransa. Lakini "manly" ni sifa: ushujaa, unyofu, uvumilivu. "Mannish", ambalo latokana na shina lile lile, husemwa zaidi juu ya mwanamke, na karibu daima kwa kumbeza, kama sisi tusemavyo "jikedume". Mwanafunzi akiandika insha ya kumsifu mwalimu mkuu wa kike kwa ujasiri wake, akachagua "mannish" kwa kuwa alifundishwa tu kwamba ni "-a kiume", atakuwa amemtukana pasipo kujua. Lawama hapo si ya mtoto.

"Virile" nalo lina hatari yake. Asili yake ni neno la Kilatini "vir", yaani mwanamume, ambalo limezaa pia "virtue", uadilifu. Hata hivyo, siku hizi laelekea mno kwenye nguvu za uzazi. Si neno la kumsifia babu. Na "macho", ambalo wanafunzi wetu hulidhania viungo vya kuonea, limetoka katika Kihispania, na katika Kiingereza hudokeza dume linalojitutumua.

Wapo wenzetu wasemao kwamba mambo haya ni ya chuo kikuu. Sikubaliani nao. Mtoto azungumzaye Kiswahili huhisi tangu nyumbani kwamba "mwanamume", "dume" na "rijali" hayasemwi mahali pamoja. Mwalimu na aanzie hapo. Kisha aandike ubaoni "mzee", "askari wa kike", "jogoo", "sauti" na "mpapai", awaulize wanafunzi ni neno lipi la Kiingereza lifaalo kila kimoja, na ni nani angechukia kuitwa hivyo. Kipindi kimoja chatosha.