Mlima Haujui Kwamba Jumatatu Kuna Darasa

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo kikuu hapa Juja. Juma lililopita alinijia na ombi la pesa: yeye na wenzake wanne walitaka kupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, waondoke Ijumaa, na Jumapili usiku wawe wamerudi, kwani Jumatatu kuna darasa.

"Shangazi, mlima wenyewe si ule? Asubuhi kukiwa kweupe twauona tukiwa huku huku."

Kuuona ni kitu kimoja, msomaji. Juja iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Lenana ni mita 4,985, na huko hewa ya kuvuta ni kama nusu na ushei tu ya ile ya Mombasa. Mwili huzoea, lakini polepole. Ukishapita mita 3,000, haifai kulala zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Wao walipanga kulala kambi ya Met Station, mita 3,050, na kesho yake Mackinder's, mita 4,200! Nikamwambia waongeze siku, la sivyo abaki na darasa lake.

Wengi hudhani hatari ya mlima ni kuanguka. Kweli, watu huanguka. Mwaka 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, akakaa huko kama juma zima kabla ya kuteremshwa, na rubani Jim Hastings akafa helikopta yake ilipoanguka katika uokoaji huo. Mawe nayo huporomoka, barafu inayoyashikilia ikiyeyuka. Januari 2006 Wamarekani watatu walikufa kwa maporomoko Kilimanjaro, katika njia ya Western Breach.

Lakini anayekwenda Lenana kwa miguu ana adui mwingine, mpole kuliko hao. Huanza kwa kichwa kuuma na chakula kumchukiza. Hapo mtu apumzike, asipande. Akianza kupepesuka kama mlevi, au kuhema ilhali ameketi, ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni saa nane za usiku, wala asiachwe ashuke peke yake. Dawa ni kushuka. Vijana huona haya kusema. Humeza tembe za maumivu na kuendelea, wasije wakachekwa. Sijui nani aliwafundisha kwamba kichwa kuuma ni aibu.

Na baridi? Kijana wetu anadhani baridi ni ile ya Juja mwezi wa Julai. Alikuwa amefungasha suruali mbili za jinzi, nguo ambayo ikilowa haikauki huko, tena humnyonya mtu joto lote.

Wameahirisha hadi Januari, mvua zikiisha, nao watachukua siku tano na kiongozi anayeijua njia. Jumamosi tulikwenda Gikomba tukapata jaketi zito na soksi za sufu. Glavu nimemwazima za marehemu babu yake, alizokuwa akivaa akiendesha pikipiki.