Kicheko nacho hukaguliwa mpakani

Msafiri anayefika stendi ya Nyabugogo kwa basi la usiku kutoka Kampala au Nairobi hana haja ya kusimuliwa jambo hili. Njiani huwekwa vichekesho kwenye runinga ya basi ili abiria wasahau urefu wa safari. Wa Nairobi anaangua kicheko, wa Kigali ananyamaza. Mara wa Kigali anacheka, wa Nairobi anauliza kuna nini. Wote wameangalia picha moja.

Wengi wetu hudhani ni suala la lugha. La hasha, si lugha peke yake. Kila nchi ina orodha yake ya mambo yanayochekwa na yasiyochekwa, kama ilivyo na orodha ya bidhaa zinazopita na zinazozuiwa. Mfanyabiashara wa Rusumo au Gatuna anajua kwamba mfuko wa plastiki hauingii Rwanda tangu mwaka 2008. Orodha hiyo ipo kwenye sheria. Lakini orodha ya vicheko haijabandikwa kwenye ukuta wa forodha yoyote, na anayeikosea huumia au huumiza.

Tuanze mbali, kwa Waingereza na Wamarekani, maana wao wanazungumza lugha moja na bado hawacheki sawa. Mwaka 2001 BBC ilianza kuonyesha The Office, habari za bosi wa ofisi ya kuuza karatasi anayejiona mcheshi wakati wafanyakazi wake wanamwonea aibu. Waingereza walitengeneza vipindi 14 tu, wakafunga. Wamarekani waliichukua mwaka 2005 kupitia NBC, na hadi ilipomalizika mwaka 2013 walikuwa wamefikisha vipindi 201. Bosi wa Kiingereza, kwa sehemu kubwa ya hadithi, aliachwa na aibu yake. Yule wa Kimarekani, baada ya msimu wa kwanza kutopokewa vizuri, alirekebishwa akawa mtu wa kuhurumiwa na kupendwa. Mwingereza anaweza kumtazama mtu akianguka, akacheka, akazima runinga. Mmarekani anataka aliyeanguka ainuke kabla ya kipindi kwisha.

Hata vizuizi vyao si vimoja. Uingereza, ambako waziri mkuu hugeuzwa kikaragosi hadharani, ina masharti yanayokataza picha za Bunge kutumika katika vichekesho. Julai 2011 toleo moja la kipindi cha Kimarekani cha The Daily Show halikurushwa huko kwa sababu lilikuwa na picha hizo. Marekani nayo hujisifu kwa uhuru wa kusema, lakini Septemba 2025 kituo cha ABC kilimwondoa hewani mchekeshaji Jimmy Kimmel kwa siku kadhaa kutokana na maneno aliyoyasema baada ya kuuawa kwa Charlie Kirk. Hilo lilifanyika mara baada ya mkuu wa tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kutoa vitisho. Kimmel alirudi kabla ya wiki kwisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hakuna nchi isiyo na kizuizi. La kuuliza ni nani anayelindwa na kizuizi hicho: mnyonge au mkubwa?

Waliokulia Kampala, Nairobi au Dar es Salaam wanaikumbuka Mind Your Language, tamthilia ya Kiingereza iliyoanza mwaka 1977. Darasa zima la wageni, Mhindi, Mpakistani, Mchina, Mwitaliano na wengineo, wanavunjavunja Kiingereza na mwalimu anashika kichwa. Huku kwetu ilipendwa sana. Kwao Uingereza ilisimamishwa baada ya misimu mitatu, kwa kuonekana kwamba inawadhalilisha wageni. Baadaye, mwaka 1998, Waingereza wenye asili ya Kihindi walipata kipindi chao kwenye televisheni ya BBC, Goodness Gracious Me, wakawacheka Waingereza jinsi wanavyojiendesha kwenye mikahawa ya Kihindi. Nchi nzima ikacheka. Lafudhi ni zilezile, wageni ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii aliyezoea kuchekwa alikuwa na kipaza sauti.

Tukirudi kwetu, Kenya ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kuwacheka wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Redykyulass walimwigiza Rais Moi angali Ikulu, jambo ambalo miaka kumi kabla yake lingewapeleka kizuizini. Mwaka 2009 ukaja XYZ Show, mchezo wa vikaragosi ulioanzishwa na mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Aliiga Les Guignols cha Wafaransa, nacho kilikuwa kimeiga Spitting Image cha Waingereza. Tazama safari ya kikaragosi: London, Paris, Nairobi. Kigali bado hakijafika.

Kenya hiyohiyo hucheka pia makabila. Katika Churchill Show lafudhi ya Mjaluo, ya Mkikuyu na ya Mkisii ni mtaji wa jukwaani. Umwagaji damu wa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 uliua watu zaidi ya 1,000 na kuzaa sheria ya utangamano ya mwaka 2008, lakini haukukomesha vichekesho hivyo. Sababu moja ni kwamba Mkisii akichekwa jioni hii, naye atapanda jukwaani kesho.

Tanzania ina mizizi ya zamani zaidi katika jambo hili, nayo ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo, au Mngoni na Mhehe, hutupiana maneno ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa matusi, hata msibani. Utani mwingine ulizaliwa na vita vilivyokwisha, mwingine ukakua katika njia za misafara ya biashara kutoka bara kwenda pwani. Wafanyabiashara wa mpakani wa leo ni wajukuu wa misafara ile. Utani una kanuni: anayetania lazima akubali kutaniwa, na mwenzake akipata shida lazima awe wa kwanza kufika.

Hata hivyo, pale kicheko kilipoelekezwa juu, milango ilifungwa. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa nchini Tanzania baada ya kurekodi video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli akiwa amevaa suti kubwa kuliko mwili wake. Julai mwaka huohuo, mjini Kampala, wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa igizo la kuwataka wananchi wawaombee viongozi. Majina waliyoyataja wengi wake ni ya watu wa eneo moja la nchi. Hakuna aliyekuwa amemtukana mnyonge.

Sasa tufike nyumbani. Mgeni hushangaa kwamba mchekeshaji wa Kigali hagusi kabila hata kidogo. Asishangae. RTLM ilipoanza kurusha matangazo Julai 1993 haikuwavuta vijana kwa hotuba. Iliwavuta kwa muziki mzuri na watangazaji wenye mizaha. Watu walizoea kucheka na redio ile, na redio ileile ikahimiza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Mtutsi aliyechekwa na RTLM hakuwa na kipaza sauti cha kujibia. Sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, ya mwaka 2008 na baadaye ya 2018, zimetokana na kaburi, hazikutokana na kuchukia kicheko.

Lakini tusisahau kwamba Rwanda nayo ilikuwa na utani wake. Wazee wanaujua kwa jina la ubuse. Wagesera, Wazigaba na Wasinga walikuwa watani wa koo nyingine, na ndani ya kila ukoo walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Mtani alitania na akajibiwa. RTLM haikuuendeleza ubuse, iliusaliti.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kuna kicheko kinachogusa alivyozaliwa mtu, na kuna kicheko kinachogusa kiti alichokalia. Cha kwanza, kisipokuwa na jibu, kinaweza kuua, na historia yetu ndiyo shahidi. Cha pili humkera mkubwa, basi. Mahakama ya Juu ya Rwanda ililigusa jambo hili Aprili 2019 ilipofuta kifungu kilichofanya kuwadhalilisha viongozi wa umma, hata kwa michoro, kuwa kosa la jinai. Kifungu kilichomhusu Rais iliacha, na ofisi ya Rais yenyewe ikasema haikubaliani na kukiacha. Hata hivyo majukwaa yetu yamebaki na woga. Vijana wa Gen-Z Comedy wanajaza ukumbi kwa vichekesho vya mapenzi, umaskini, na mtu wa kijijini aliyepotea mjini. Ni wazuri. Ila meya na mkurugenzi wanalala usingizi mnono.

Sisi tuliorudi tunayo shule yetu katika hili. Tulipoingia baada ya 1994, aliyetoka Uganda aliitwa Msajja na aliyetoka Zaire akaitwa Dubai. Kinyarwanda chetu kilichekwa sokoni na ofisini. Palipokuwa na kujibizana, majina hayo yakawa utani na leo tunayasimulia harusini. Palipokuwa na mmoja mwenye ajira na mwingine anayeomba ajira, jina lilelile lilichoma, na wapo ambao hawajalisamehe.

Basi mfanyabiashara anayebeba kichekesho kutoka Nairobi kuja Kigali na akipime kabla ya kukifungua. Anayechekwa yumo chumbani? Anaweza kujibu bila kuogopa? Kama jibu ni ndiyo, kipite, hata kama anayechekwa ni mkubwa. Nao walinzi wa mpaka huo wajiulize kama wanayemlinda ni mnyonge kweli, au ni mwenye kiti asiyependa kuguswa. Penye utani wa kweli, aliyekucheka asubuhi ndiye anayekubebea mzigo jioni.