DADA WA DUTWA NA KLINIKI YAKE: AHAME AU AVUMILIE?

Dutwa habari haijifichi. Dada mmoja mwenye duka la vitenge (jina libaki hukohuko) kaamua kuhama kliniki ya afya ya akili, na tayari watu wamegawanyika. Wapo wanaosema anaringa, wapo wanaosema ugonjwa umempanda tena. Kumuuliza sababu? Hakuna.

Sababu anazo mbili, ila hazina uzito sawa. Kwanza, dawa zinamkaza shingo na mikono inatetemeka mpaka kupima kitambaa ni shughuli. Pili, mhudumu wake aliyataja matatizo yake mbele ya foleni, na jioni ile wifi yake akawa anayajua yote kabla hajasimuliwa.

Kwa hiyo ya kwanza, dada ana haraka. Kukakamaa na kutetemeka ni madhara yanayojulikana ya dawa kama haloperidol, na mara nyingi yanashughulikiwa palepale: dozi inapunguzwa, dawa inabadilishwa, au anaongezewa kidonge cha kuzuia mtetemeko. Lakini nani atajua kama hasemi? Wengi wakiulizwa "unaendeleaje, mayu?" wanajibu "salama tu", wanachukua vidonge, haooo. Sawa na yule anayeanza dawa za sonona, siku ya kumi anasema amedanganywa, wakati zile huchukua wiki kadhaa ndipo mtu aone nafuu.

Ya pili ni kesi nyingine kabisa. Asiyetunza siri hafai, basi. Hata awe anazijua dawa zote, mgonjwa hatamwambia ukweli tena, na tiba ya akili bila ukweli ni kubahatisha.

Sasa ahamie wapi? Huku siyo Dar. Kuna Bariadi mjini, au apande gari la kupitia Lamadi na Magu hadi Bugando, Mwanza: nauli, chakula, duka limefungwa, na msimu wa pamba haujafika. Mirembe ya Dodoma ndiyo usiseme, ikitajwa tu ukoo mzima unainamisha kichwa. Kabla ya kutoa nauli, angeingia kwa mganga mfawidhi faragha, aeleze kilichotokea na aombe mhudumu mwingine palepale. Hicho siyo kiburi, ni haki yake.

Mjomba wake naye kashatoa wazo la mfumu. Wasomi wanacheka, ila mfumu ana kitu ambacho kliniki nyingi hazina: anakaa na mgonjwa, anamsikiliza hata nusu siku, na ndugu wanaitwa. Ubaya unaanza anapoagiza vidonge vitupwe, maana kuacha dawa ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa kwa kishindo. Tena akishasema "umelogwa", lazima mchawi apatikane. Usukumani wanajua vikongwe wangapi wamemalizwa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho ya moshi wa jikoni.

Akishikilia kuhama, aondoke na barua ya rufaa, majina ya dawa na dozi zake, na vidonge vya kumfikisha. Kliniki ya zamani asiiage mpaka mpya impokee.

Wifi amejitolea kumsindikiza Bariadi. Dada kamshukuru, kasema atakwenda peke yake.