Mtoto hapendi kusoma? Mpe kesi aichunguze

Likizo ya mwisho wa mwaka inapokaribia, wazazi wengi huingia duka la vitabu na swali moja: nimnunulie mtoto kitabu gani? Wengi hutoka na kitabu cha kiada cha darasa linalofuata, au mkusanyiko wa mitihani iliyopita. Mtoto hukipokea kwa adabu, anasema ahsante, kisha anakiweka juu ya kabati. Kitakaa hapo mpaka shule zifunguliwe.

Muuza vitabu anayeijua kazi yake humuuliza mzazi kwanza: mtoto huyu husoma mwenyewe, au mpaka asukumwe? Jibu likiwa "mpaka asukumwe", mkono wake huenda kwenye rafu ya riwaya za upelelezi.

Sababu yake ni rahisi. Riwaya ya upelelezi humpa msomaji swali katika kurasa za mwanzo: nani kafanya? Mtoto asiyependa vitabu huweza kuendelea kwa sababu tu anataka kujua. Tena akifika katikati na kuona mshukiwa amesema uongo, atarudi nyuma kurasa ishirini kutafuta pale aliposema jambo tofauti. Kurudi nyuma huko ndiko walimu wa ufahamu wanakokuhangaikia mwaka mzima.

Kwa mzazi wa Tanzania kuna jambo zito zaidi hapa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Kiswahili kinabaki kuwa somo moja kati ya mengi. Kama nyumbani hakuna kitabu cha Kiswahili cha kumvuta, usomaji wake wa lugha hiyo husimama pale alipouacha darasa la saba. Kiingereza nacho bado hajakishika. Anajikuta hana lugha hata moja anayoweza kuisoma kwa raha, na miaka ya sekondari ndiyo hasa tabia ya kusoma hujengeka au hupotea. Riwaya inayosomeka mpaka usiku wa manane inaweza kumvusha hapo.

Basi kitabu gani, na kwa umri gani?

Kwa wa miaka 9 hadi 12

Kwa mtoto anayesoma Kiingereza, Emil and the Detectives cha Mjerumani Erich Kästner, kilichotoka kwanza mwaka 1929, bado hakijazeeka. Emil ni mtoto wa mama mjane anayetengeneza nywele za watu. Anapanda treni kwenda Berlin, akiwa na fedha za kumpelekea bibi yake, na ili zisipotee amezibana kwa pini ndani ya koti. Anasinzia. Akiamka, fedha hazipo. Hakuna maiti wala bunduki katika kitabu hiki, na kesi inashughulikiwa na watoto wenyewe. Mtoto aliyewahi kutumwa dukani na noti ya mwisho ya mama ataelewa haraka kwa nini Emil anatetemeka.

Kwenye meza za vitabu vilivyotumika pia hupatikana vile vya Hardy Boys na Nancy Drew. Ni vyepesi, na kwa anayeanza kujisomea mwenyewe, wepesi ni faida.

Kwa wa miaka 13 na kuendelea

Hapa pa kuanzia ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Tajiri anakutwa amekufa mahali pa mzimu, na wengi wako tayari kuamini kwamba mizimu imehusika. Bwana Msa, mwenye kiko chake mdomoni, haridhiki. Anauliza, anasikiliza na anatazama vitu ambavyo wengine wamevipita. Pembeni yake yupo rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi.

Anayemjua Sherlock Holmes, aliyeanza kusomwa Uingereza mwaka 1887, ataona haraka Bwana Msa ametokana na nani. Hata hivyo yuko nyumbani kabisa: majumba, mashamba na watu wanaomzunguka ni wa Unguja. Na somo analompa kijana bila kuhubiri ni hili: ukiambiwa jambo limetokana na uchawi au mizimu, tafuta kwanza nani amefaidika. Katika mitaa ambayo bado mtu huweza kunyooshewa kidole kwa sababu ya ramli, hilo ni somo la kufaa maisha yote.

Kijana akimpenda Bwana Msa, hatakosa pa kuendelea. Vipo Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Kiswahili chake ni cha Unguja na kina maneno ambayo mtoto wa bara hajawahi kuyasikia, kwa hiyo kamusi iwe karibu. Hata mzazi atakutana na maneno mapya.

Ukitoka visiwani ukaja bara, yupo Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo, kitabu cha mwaka 1965. Ni kifupi na hakichelewi kuanza. Kinamfaa kijana anayelalamika kwamba vitabu vya zamani vina maelezo mengi.

Kwa wakubwa, na wazazi wenyewe

Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, katika vitabu kama Tutarudi na Roho Zetu. Mzazi aliyekuwa kijana miaka ya themanini huenda alivisoma kwa kujificha chini ya dawati.

Vitabu hivi vina damu, pombe na mapenzi, hivyo si vya mtoto wa darasa la sita. Kwa kijana wa miaka 17 vinaweza kufaa, mradi mzazi amevisoma kwanza. Vina pia mlango wa historia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na mapambano ya kusini mwa Afrika yanasikika katika hadithi hizi. Kijana akiuliza kwa nini majasusi walikuwa wengi hivyo katika mji wa nyumbani kwao, mzazi ana la kumsimulia jioni nzima.

Wapo watakaosema hizi ni "riwaya pendwa" tu, za kupotezea muda. Lakini mtoto anayesoma simulizi za vipande kwenye simu, zile zinazoishia na neno "itaendelea", tayari anazipenda hadithi za aina hii. Tofauti ni kwamba zile za kwenye simu mara nyingi mzazi hajui zina nini ndani. Kitabu kilichopo mezani anaweza kukifungua.

Namna ya kusoma pamoja

Someni sura moja kila jioni, kwa sauti, mkipokezana. Kila mmoja awe na karatasi ya washukiwa. Mwisho wa sura, kila mtu aandike jina la anayemshuku na sababu moja. Sababu iwe imetoka kitabuni. "Namhisi tu" haikubaliki, hata kwa baba.

Msibadili mchezo huu kuwa mtihani. Mtoto akikosea kutamka neno, msaidie na muendelee. Akimtaja muuaji kabla ya mzazi, mpe haki yake mbele ya wote. Mtoto ambaye shuleni hushika mkia huweza kuwa wa kwanza hapa, kwa sababu upelelezi humtaka awe makini kuliko kukariri. Mzazi akiliona hilo mara moja, atamtazama mtoto wake kwa jicho jingine.

Kama kuna aliyekwisha kukisoma, afunge mdomo. Kumwambia mtoto mwisho wa kitabu cha upelelezi ni kumnyang'anya kitabu chote.

Kabla ya kulipa

Baadhi ya vitabu hivi havipatikani kwa urahisi vikiwa vipya, kwa hiyo wengi watavipata kwenye meza za vitabu vilivyotumika. Hapo muuza vitabu ana ushauri mmoja unaostahili kufuatwa: kabla ya kutoa fedha, hesabu kurasa za mwisho uhakikishe zipo zote. Zihesabu tu, usizisome. Riwaya ya upelelezi iliyochanika mwishoni ni bei rahisi yenye machungu.

Na usimwombe kitabu "kipya" kwa maana ya kilichochapwa mwaka huu. Kwa mtoto ambaye hajawahi kumsikia Bwana Msa, kitabu cha mwaka 1960 ni kipya. Anza nacho Ijumaa jioni, runinga ikiwa imezimwa, na uishie pale mwili unapopatikana. Jumamosi asubuhi tazama nani amewahi kukichukua mezani.