Fizi: Kwaya inunue gitare ya dukani ao ya fundi wa hapa?

Katika makanisa mengi ya Lubondja na vijiji vya jirani, kununua gitare ni mradi wa mwaka mzima. Wanakwaya wanachanga kidogo kidogo: huyu ameuza muhogo, yule karanga, mwingine amelima shamba la mtu kwa siku. Pesa ikitimia, swali moja linagawanya kwaya. Watume mtu Baraka akatafute gitare iliyotoka kiwandani, ao wamwendee seremala anayejua kutengeneza gitare kwa mikono?

Vijana wengi wanapenda ya dukani ju inang'aa. Wazee wanasema ya fundi iko na nguvu. Pande zote mbili ziko na haki, lakini kila upande unaona nusu ya jambo.

Njia ndefu, bei kubwa

Gitare ya kiwanda inafika Fizi kwa safari ndefu. Tangu mji wa Bukavu uingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili 2025, biashara kati ya Bukavu na kusini mwa jimbo imekuwa ngumu zaidi, na Ziwa Tanganyika limebaki njia kubwa ya bidhaa. Kila bandari, kila mzigo kwenye pikipiki, kila kizuizi barabarani kinaongeza kitu kwenye bei.

Lakini bei siyo shida peke yake. Gitare nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa triplex, na kola yake inaweza kuachia kwa joto na unyevu. Ufunguo mmoja wa kukaza nyuzi ukivunjika, aliyeuza yuko mbali na kipuri hakuna. Gitare inaning'inia ukutani.

Hata hivyo, kiwanda kiko na jambo moja zuri: mashine inakata nafasi za vyuma vya shingoni sawasawa. Hapo ndipo gitare nyingi za mikono zinaangukia.

Kipimo kinachoharibu sauti

Seremala anaweza kujua sana mlango na kitanda, lakini gitare inafuata hesabu yake. Kosa linalotokea mara nyingi ni hili: fundi anachukua gitare ya zamani, ananakili nafasi za vyuma vya shingoni, kisha anapiga daraja la nyuzi pale anapoona panapendeza. Daraja likisogea hata sentimita moja, nafasi zote zinakuwa za uongo. Mpigaji atakaza nyuzi asubuhi mpaka jioni, na gitare haitakubaliana na waimbaji.

Kuchunguza hakuhitaji elimu kubwa. Mnunuzi achukue metre ya seremala, apime uzi kutoka juu ya shingo, pale unapoanza kulia, mpaka darajani. Chuma cha 12 lazima kiwe katikati. Kama urefu ni sentimita 65, chuma hicho kiwe kwenye 32.5, daraja likirudi nyuma milimita mbili tatu, si kosa. Kisha apige uzi mtupu, abonyeze kwenye chuma cha 12 na apige tena. Sauti iwe ileile, lakini ya juu. Kama inatofautiana sana, asipokee, hata kama rangi ni nzuri namna gani.

Fundi anayetaka kupima mwenyewe kutoka mwanzo anagawa urefu wa uzi kwa 17.8 ili kupata nafasi ya chuma cha kwanza. Kwa sentimita 65, hiyo ni karibu 3.65. Kisha anagawa urefu uliobaki kwa 17.8 tena, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Ubao na msimu

Jambo la pili ni ukavu wa ubao. Maseremala wengi wanahesabu kwamba ubao wa unene wa sentimita 2.5 unahitaji karibu mwaka mmoja kukauka vizuri hewani. Ubao mbichi wa muvula uliofungwa wakati wa mvua utapasuka ao kujikunja jua la mwezi wa sita likiingia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe: ubao huu ulipasuliwa lini? Ni vizuri kazi ifanyike mwezi wa saba ao wa nane, hewa ikiwa kavu.

Jambo la tatu ni nyuzi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 70, ni kusema karibu mfuko mmoja na nusu wa simenti. Za nailoni zinavuta karibu kilo 40. Mnunuzi na fundi wakubaliane mapema gitare itabeba nyuzi gani. Ile iliyoundwa kwa nailoni, ikivalishwa waya wa breki ya baiskeli, inaweza kung'oka daraja.

Ufundi huu si mgeni

Kongo iko na mfano. Kinshasa, fundi Jean-Luther Misoko, ambaye wanamuziki wanamwita Socklo, amejulikana kwa kutengeneza gitare zinazopigwa na bendi za mji. Na kule Katanga, Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipeleka mbali gitare kavu na nyimbo za Kiswahili.

Kwa nini basi mafundi wa gitare ni wachache? Sababu moja ni malipo. Wanunuzi wengi wanapatana bei sawa vile wanapatana kiti, wanatoa avansi ndogo, kisha wanapotea. Fundi anabaki na gitare na deni la mbao, kesho anarudia milango.

Mapatano ya maandishi yanaweza kulinda pande zote: theluthi moja ya pesa kwa mbao, ya pili sanduku likifungwa, ya mwisho baada ya gitare kukaa na nyuzi zilizokazwa wiki mbili bila shingo kupinda. Yaandikwe pia kwamba fundi atarekebisha bure kwa muda fulani. Hiyo ndiyo faida ambayo duka la mbali haliwezi kutoa: mwenye kuitengeneza anaishi hapa.

Na gitare zilizokufa makanisani zisitupwe. Funguo za nyuzi na vyuma vya shingoni ni vitu ambavyo seremala wa kijiji hawezi kuchonga. Kwaya ikimpelekea gitare hiyo ya zamani, anaweza kuvitoa na kuvitumia tena, na bei ya gitare mpya itashuka.